Semina ya Umma, Saa Nne Asubuhi, Siku ya Bamvua: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kituo

Kwa: Mkurugenzi, Kituo cha Utafiti wa Sayansi ya Bahari
Nakala: Makamu Mkuu wa Chuo, Kamati ya Semina na Mihadhara, BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) za ukanda wetu, na yeyote mwenye kamba ya mwani baharini

YAH: SEMINA ZA UMMA AMBAZO UMMA HAUWEZI KUZIHUDHURIA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, ingawa sina hakika kama zile mbili za mwanzo zilikukuta. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA" mbele ya macho yangu, na nakala ninayo. Ya pili nilimkabidhi ofisa wako wa uhusiano baada ya mhadhara, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati. Nilipopiga simu nikaambiwa suala linafanyiwa kazi. Nilipopiga tena nikaambiwa aliyekuwa akilifanyia kazi amekwenda masomoni. Basi leo naandika hadharani. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, maana sikusudii kumwaibisha mtu. Wanaohusika watajitambua kabla hawajafika nusu ya barua.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha sayansi mpaka nywele zikawa hivi zilivyo, na sasa ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani, wengi wetu wanawake. Kituo chako tunakiona tukiwa shambani: maji yakishatoka, ukisimama kwenye kamba za mwisho, paa lake linachungulia juu ya minazi. Watafiti wako tunawajua kwa majina. Tumewabebea ndoo zao za sampuli, tumewaonyesha pa kukanyaga wasichomwe na miiba ya urchini wa baharini, na mmoja alipougua homa alilala nyumbani kwetu siku mbili. Sina ugomvi nao hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na neno moja, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila bango mnalobandika getini na ofisi ya kijiji. UMMA. "Semina ya umma." "Mhadhara wa wazi kwa umma." "Wananchi wote mnakaribishwa." Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnatuita saa ile ile bahari inayotuita

Semina zenu huanza saa nne asubuhi. Mwanasayansi wa bahari hahitaji kuelezwa habari za bamvua, lakini barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo nivumilie. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu kupwa huko kwa bamvua huangukia kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Ndizo saa ambazo mkulima anafika kwenye kamba zake kwa miguu, anafunga taitai (nyuzi za kufungia mwani kwenye kamba) zilizolegea, anang'oa majani mabaya, anavuna kilichokomaa. Siku kama tano hivi, kisha yanaingia maji mafu, yasiyotoka mbali, na tunakaa nchi kavu tukianika. Anayechokoa pweza naye yuko huko huko mwambani, saa zile zile.

Nilichukua ratiba yenu ya mwaka jana nikaiweka kando ya jedwali la maji. Jedwali lenyewe sikulitoa mbali. Mmelibandika nyinyi wenyewe ukutani pale mapokezi, limewekwa hadi nailoni juu yake. Semina za umma zilikuwa tisa. Sita ziliangukia siku za bamvua, na zote sita ziliandikwa saa nne asubuhi.

Mheshimiwa, kuna watu duniani wanaoweza kusamehewa kwa kutojua bahari inatoka saa ngapi. Kituo cha utafiti wa bahari hakimo.

Matokeo yake ukumbi unajazwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioamriwa waje, na mwisho wa mwaka taarifa inasema "mwitikio wa jamii bado ni mdogo". Maneno hayo niliyasoma mwenyewe kwenye kipeperushi chenu, nikiwa nimesimama na tope magotini.

2. Mkitupata, mnatusemesha lugha ya kwenu wenyewe kwa wenyewe

Hapa naomba nikueleze siku moja tu.

Bango lilisema mada ni kufa kwa mwani. Kwa bahati ilikuwa maji mafu, tukaenda watu 11. Tulipewa viti vya nyuma. Mtoa mada alikuwa kijana mzuri, mtoto wa hapa hapa, amezaliwa kijiji cha tatu kutoka kwetu. Akasimama akasema, "Habari za asubuhi," tukamwitikia ukumbi mzima kwa furaha, na hicho ndicho Kiswahili cha mwisho tulichokisikia kwa saa moja na nusu.

Katikati ya slaidi zake ikatokea picha ya mikono miwili imeshika tawi la mwani, ncha zimekuwa nyeupe kama chumvi, linakatika. Mama aliyekaa kulia kwangu, ambaye kwa umri ni dada yangu, akanishika goti. "Mwalimu, ile si mikono yangu?" Ilikuwa yake. Kidole cha shahada kina kovu la mwiba wa samaki taa, kovu hilo mwambao mzima unalijua. Akauliza, "Wanasema nini juu ya shamba langu?"

Nikaanza kumtafsiria kwa kunong'ona. Kiingereza changu ni cha mwalimu wa zamani, lakini grafu ni grafu: mstari mwekundu ni joto la maji ya kwenye vigingi vyako mchana, ule wa bluu ni maji ya kina, ng'ambo ya mwamba. Sikufika mbali. Msimamizi wa kikao alitugeukia akasema tuwe watulivu huko nyuma. Tukanyamaza. Ukutani ni mikono yake, chini ya mikono yake kuna maandishi asiyoyajua, na ameambiwa anyamaze. Kipindi cha maswali kilipofika muda ukawa "umetubana", tukahamia kwenye chai.

Kaskazi iliingia na joto lake. Kufikia Februari kikundi hakikuwa na mbegu ya mwani mnene, ile kotonii yenye bei nzuri, hata ya kujaza ndoo. Mwani mwembamba ulibaki, kwa shida. Siku hizo ndipo nilipokutana na yule kijana kituo cha daladala. Nikamsalimia, nikamuuliza, na palepale akanieleza utafiti wake wote kwa dakika kumi, Kiswahili kitupu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma cha basi: hapa joto linapanda, hapa mwani mnene unaanza kudhoofika, kwa hiyo mbegu ihamishiwe maji ya kina kabla kaskazi haijakolea. Watu wawili waliokuwa wakisubiri gari walisogea kusikiliza. Nikamwambia, mwanangu, mbona hukusema hivi siku ile? Akacheka kwa aibu. "Shikamoo tena, mwalimu. Siku ile nilikuwa napewa alama."

Sisemi kwamba semina ile ingeokoa kila kamba. Kuhamia maji ya kina kunataka mtumbwi, kunataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu hatuna hayo mawili. Lakini wachache wangejaribu, na mbegu kidogo ingebaki. Jibu lilikuwa pale ukutani, kubwa kama shuka, na sisi tumekaa mbele yake.

Kila tarehe 7 Julai mnatundika bango la Siku ya Kiswahili Duniani. Linapendeza.

3. Geti

Mlinzi anataka kitambulisho cha chuo au barua ya mwaliko. Tukimwonyesha bango lililo nyuma ya mgongo wake linalosema wote mnakaribishwa, anasema bango si barua. Safari moja wanne walirudishwa kwa sababu ya kandambili. Sina la kuongeza hapo.

4. Sahihi zetu na picha zetu

Tukishaingia, kabla hatujakaa, inakuja karatasi ya mahudhurio: jina, kijiji, namba ya simu, sahihi, na safu ya mwisho tumeshaandikiwa tayari, "mwanajamii". Kisha tunapigwa picha tukiwa tumeinua mikono kama tunauliza maswali, ingawa hakuna aliyeuliza. Nimeiona picha mojawapo kwenye kalenda yenu. Chini yake imeandikwa kuwa wakulima wa mwani walijengewa uwezo. Uwezo gani, Mheshimiwa? Nakuuliza kwa heshima zote, kwa sababu mmojawapo kwenye picha ile ni mimi, na ningependa kujua nilipewa nini nisije nikawa nimekisahau ukumbini.

5. Majibu ya utafiti hayarudi

Mwanafunzi anakuja na dodoso: umri, elimu, watoto wangapi, kipato kwa mwezi. Anachukua maji kwenye chupa, anachukua tawi la mwani kwenye mfuko, anashukuru sana, anaondoka. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na dodoso lile lile, hata kosa la tahajia kwenye swali la nne halijasahihishwa. Tasnifu zao ziko maktaba yenu, ndani ya geti lile lile. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 27, linampa kila mtu haki ya kushiriki katika maendeleo ya sayansi na manufaa yake. Sisi hatujafika mbali hivyo. Tunataka kujua tu yale maji ya kwenye chupa yalikutwa na nini.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa korido.

Kwamba hakuna fungu. Kuhamisha semina kutoka bamvua kwenda maji mafu hakuhitaji fungu, kunahitaji mtu ainue macho aangalie ukuta wa mapokezi. Au iwekwe saa kumi jioni. Mlipopata mgeni kutoka Ulaya aliyechelewa ndege, semina ilisogezwa siku mbili na hakuna aliyelalamika.

Kwamba kuna wageni wasiojua Kiswahili. Karibu sana wageni. Watafsiriwe. Kwa miaka yote hii mtafsiriwa amekuwa mwenyeji, tena kwa kunong'ona na kukaripiwa. Kama hamna mkalimani, mimi nitafanya bure, nipeni slaidi siku tatu kabla. Na zile semina za ndani, za mtaalamu kwa mtaalamu, endeleeni nazo kwa lugha mnayoitaka. Msiziandikie "umma" tu.

Kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu. Mtoto wa darasa la sita nchi hii anakueleza usanisinuru bila kugugumia. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, watoto waliozaliwa mwaka ule leo wana shahada za uzamivu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Jaji anaweza kutoa hukumu ya mauaji kwa Kiswahili, halafu joto la maji lishindikane?

Kwamba wananchi hawaji bila posho. Hapa nakubali sehemu ya lawama. Wapo wetu wanaouliza bahasha kabla hawajauliza mada. Lakini mazoea hayo yaliletwa na miradi, ikatulipa ili tuje kusikiliza tusichokielewa, na kwa kweli kukaa saa moja na nusu namna hiyo ni kibarua kama vibarua vingine. Kijana wa kituo cha daladala hakumlipa mtu, na watu walisogea.

Kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno. Mwani wenyewe ulitufikiaje, Mheshimiwa? Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani hii tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kilipoanza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kilienea kwa mtu kumwonyesha mwenziwe namna ya kufunga tawi kwenye kamba, miguu ikiwa majini. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake walipofundisha wanawake wa Unguja kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, hawakuanza na slaidi. Utaalamu unafika ukipelekwa.

Na kuna kisa ambacho nilikuwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini alinaswa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Profesa Smith, mtaalamu wa samaki wa huko, akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza vikaratasi vya picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, vimeandikwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Muda wote huo wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua samaki huyo mara moja moja, wana na jina lake, gombesa. Alipopatikana mwaka 1952 kisiwani Nzwani, aliyemtambua kuwa ndiye yule wa kwenye kikaratasi alikuwa mwalimu wa shule. (Nisamehe, siwezi kukisimulia kisa hiki bila kulitaja hilo.) Nikifika hapo wanafunzi walikuwa wananiuliza: sasa mwalimu, mbona hawakuwauliza wavuvi kwa lugha yao tangu mwanzo? Watoto wa miaka 12.

Tunachoomba ni haya, na tumeyajadili kwenye mkutano wa kikundi, yamo kwenye muhtasari:

a) Ratiba ya semina za umma ipangwe kwa jedwali la maji, na ibandikwe ofisi za vijiji mwezi mmoja kabla. Tupo tayari kukaa na kamati yako nusu siku kuipanga.

b) Kila kinachoitwa cha umma kiendeshwe kwa Kiswahili, au kitafsiriwe kwa sauti, si kwa kunong'ona. Atakayeshindwa yote mawili atoe ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili, tuubebe nyumbani.

c) Angalau semina moja kila msimu ije kwetu. Shule ya msingi ina ukumbi, mkwaju una kivuli, na jenereta la projekta tutalichangia mafuta.

d) Mlinzi apewe maelekezo kwamba bango ni barua, na kandambili ni viatu.

e) Mtafiti asipewe kibali cha kuchukua sampuli mpya mashambani kwetu kabla yule aliyemtangulia hajarudi kutueleza alichokipata. Hata kama alichokipata ni kwamba hakupata kitu. Hilo nalo ni jibu, tutalipokea.

Kwa upande wetu tumekubaliana jambo moja. Wanafunzi wako tutaendelea kuwapokea, kuwaonyesha njia na kuwapa maji ya dafu, kwa sababu ni watoto wa watu na mitihani inawasubiri. Lakini kuanzia sasa hatutasaini karatasi ya mahudhurio mlangoni. Tutaisaini mwisho, tukitoka, na atakayekuwa hakuelewa kitu ataandika hivyo kwenye safu ile ya "mwanajamii".

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya bamvua la mwezi ujao. Ukitaka kutuona ana kwa ana, usije asubuhi ya siku hizo, utakuta nyumba zimefungwa. Njoo maji mafu, au njoo jioni tunapoanika. Na ukipenda, njoo bamvua lenyewe saa nne, uvae viatu vya plastiki, tutakuonyesha zile kamba za kwenye slaidi. Yule mama wa picha amesema ana maswali matatu, ameyaweka tangu siku ile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Kikundi cha Wakulima wa Mwani
(Jina, sahihi na namba ya simu vimo kwenye nakala iliyoletwa kwa mkono ofisini kwako. Safari hii nimeomba mihuri miwili.)